Gari la Ubaid Halivuji

Watu wa Mji wa Kale walimwita Ubaid Jasho, na mgeni aliyelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alidhani ni sifa ya mtu mchapa kazi. Ubaid hakuona haja ya kumsahihisha. Lakini jasho lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la gari lake.

Jina lilizaliwa siku ya Ijumaa baada ya sala, katika mwezi wa joto kali, barazani mbele ya duka la vinyago la Badawi katika barabara ya Ndia Kuu. Watu walikuwa wakinywa kahawa. Gari la Ubaid, Corolla kuukuu ya rangi ya maziwa, lilikuwa limeegeshwa upande wa kivuli, na chini yake palikuwa na alama ya maji iliyokuwa ikikua polepole kwenye vumbi. Badawi alisoma chuo kimoja cha Kurani na Ubaid walipokuwa watoto, na kwa sababu hiyo alijiona ana ruhusa ya kumwambia lolote. Aliinama, akachungulia chini ya gari, akasema kwa sauti iliyowafikia hata wa ng'ambo ya ndia:

"Sheikh Ubaid, gari lako lavuja."

Ubaid alikiweka kikombe chini bila haraka.

"Halivuji," akasema. "Latoka jasho. Hebu itazame kanzu yako mgongoni, Badawi. Mombasa hii, mwezi huu, n'nani asiyetoka jasho?"

Walicheka mpaka muuza kahawa akasahau kupokea vikombe. Kabla ya alasiri jina lilikuwa limefika mtaa wa Kibokoni, na magharibi ilipoingia lilikuwa limekwisha kupokelewa majikoni, ambako majina hukaa zaidi.

Kilichowachekesha watu si neno tu, bali kinywa lilimotoka. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake Ubaid alifanya kazi Shimanzi, katika kampuni ya usafirishaji ambayo sasa haipo tena, na kazi yake ilikuwa langoni. Lori halikutoka mpaka Ubaid alizunguke. Utaratibu wake ulikuwa mmoja na haukubadilika kwa mvua wala kwa jua. Alitandika kipande cha katoni chini ya injini inayonguruma, akamwambia dereva akanywe chai, na yeye akasimama kando, mikono nyuma, kama mwalimu anayesubiri mtoto amalize hesabu. Dereva akirudi, Ubaid aliivuta katoni akaitazama. Ikiwa kavu, aliinua mkono na lango likafunguliwa. Ikiwa na tone, hata liwe dogo kama punje ya mtama, alisema neno moja tu: "Lavuja." Kwa wagumu wa kuelewa aliongeza la pili: "Rudi."

Madereva walimsihi kwa kila hoja. Walimwapia kwamba ni umande, kwamba ni maji ya kuoshea, kwamba ni mvua ya jana. Mmoja wao, Charo, mtu wa Kaloleni mwenye mdomo mwepesi, aliwahi kumwambia kwamba lori lake limetoka jasho kwa kuiogopa safari ya Malaba. Ubaid alimtazama kwa huruma.

"Charo," akamwambia, "chuma hakitoki jasho. Rudi."

Na Charo akarudi. Alizikosa safari nyingi kwa namna hiyo, na mwaka mmoja akaikosa hata Krismasi ya kwao, akiwa amelala chali chini ya lori hilo hilo, ufunguo mkononi. Ubaid alijua habari hiyo na haikumkosesha usingizi. Lori linalovuja halitoki. Kwake hilo halikuwa kanuni ya kampuni tu. Lilikuwa karibu na jambo la dini.

Sasa mtu wa namna hiyo, alipostaafu na kununua gari, ni nani angetarajia kwamba siku moja angelitafutia udhuru? Lakini udhuru ulikuwa na sababu yake, na sababu yenyewe ilikuwa kiapo.

Binti yake, Ummukulthum, alikuwa mwalimu katika shule moja upande wa Nyali, na alikuwa na hofu ya kudumu kwamba baba yake atakwama na gari lile katikati ya daraja, adhuhuri, magari nyuma yakimpigia honi. Kila alipokuja kula chakula cha mchana siku ya Jumapili, alilitazama gari kabla hajaamkia watu.

"Baba, liuze," alisema siku moja mezani. "Nitakupeleka mimi popote utakapo."

"Utanipeleka popote nitakapo," alijibu Ubaid, "siku utakayo wewe."

"Baba, limezeeka."

"Hata mimi nimezeeka. Wataka kuniuza pia?"

Mwanakuu, mke wa Ubaid, alicheka ndani ya upindo wa leso yake. Badawi, ambaye siku za Jumapili pua yake ilimleta hapo bila kualikwa, aliendelea kula. Ubaid aliona kwamba hoja yake haijatosha, akaweka kijiko chini, na hapo ndipo alipofanya kosa la watu wenye uhakika.

"Nisikilize, mwanangu. Gari linalovuja mimi sikuwaruhusu watu nalo, na sitajiruhusu nafsi yangu. Siku gari hili litakapovuja, wallahi, nitaliuza siku hiyo hiyo, kabla ya magharibi. Mama yako shahidi. Badawi shahidi."

"Nimeshuhudia," alisema Badawi, mdomo umejaa.

Ummukulthum alitulia. Alimjua baba yake: mtu huyu hakuwahi kuapa ovyo, na alichokiapia hakukirudia nyuma. Ilimpasa kusubiri tu, na magari ya umri ule hayasubirishi watu sana.

Halikumsubirisha sana. Baada ya muda usio mrefu Ubaid alitoka alfajiri, baada ya sala, akaliona tone la kwanza. Alipiga magoti kama alivyopiga magoti maelfu ya mara Shimanzi, akatazama, na kwa jicho lile lile lililowatesa madereva akaona mara moja mahali penyewe: mpira mwembamba wa maji, wa unene wa kidole gumba, unaotoka kwenye injini kuelekea ndani ya gari, na ufa mdogo kwenye ncha yake, pale klipu ilipouma. Ufa wa kuzibwa kabla chai haijapoa. Fundi yeyote angeuona, na fundi yeyote, baada ya kuuona, angefungua kinywa na kulitamka neno. Likishatamkwa, gari lauzwa.

Na gari lile si chuma tu. Siku za maziko, wazee wasioweza kutembea mpaka makaburini walipandishwa humo. Badawi alipelekwa nalo kutazamwa macho. Mwanakuu alipelekwa kwa dada yake Tudor, akarudishwa, akakumbuka kwamba amesahau jambo, akapelekwa tena. Mtu mwenye gari huulizwa, "Watoka saa ngapi?" Asiyekuwa nalo huulizwa, "U hali gani?" na kisha anaachwa barazani na jibu lake. Ubaid alikwisha kuwaona wenzake waliofika kwenye swali hilo la pili.

Kwa hiyo halikuvuja. Lilitoka jasho.

Jambo la kushangaza ni kwamba mtu aliyekaa na injini umri wake wote hakujua kushika bisibisi. Kazi yake ilikuwa kuona; kuziba ilikuwa kazi ya wengine, tena waliorudishwa. Hata angejua, mtu akifungua boneti kwenye ndia nyembamba ya Mji wa Kale hukusanya baraza nzima kabla ya kuegemeza kile kichuma cha kuizuia. Mara moja tu alijaribu, alfajiri, kwa kuufunga mpira na kipande alichochana kwenye kikoi chake cha zamani. Gari lilikaa kavu mpaka lilipowashwa. Baada ya hapo aliishi kwa kuongeza maji kila asubuhi, akitumia birika ya kunawia, kwa utulivu wa mtu anayemwagilia maua.

Mwanakuu aliona birika ikitoka imejaa na kurudi tupu. Alikiona pia kikoi. Hakusema neno.

Mambo yangeweza kuendelea hivyo mpaka mwisho wa dunia, au mpaka mwisho wa injini, lau si wema wa Ummukulthum. Jumapili moja alikuja na galoni ya kulanti, ile dawa ya kupozea injini.

"Baba, wenzangu wameniambia maji ya bomba hutia kutu ndani. Ukipenda kulitunza gari lako, tia hii." Hakuwa na hila yoyote. Aliona kwamba ikiwa gari haliuzwi, basi na litunzwe.

Ubaid aliushukuru moyo wake, akaitia. Ilikuwa ya kijani kibichi, kijani cha bendera.

Asubuhi iliyofuata Badawi alikuwa akifungua milango ya duka, vinyago vyake vya twiga vikitangulia nje, aliposimama ghafla mbele ya gari lililokuwa mahali pake pa kawaida.

"Ubaid! Ndoo hapa uone!"

"N'nini tena?"

"Mimi nimeona jasho la kila aina. La homa, la hofu, la bwana harusi. La kijani sijapata kuona. Sheikh, gari hili si la kupelekwa kwa fundi. Lipeleke kwa tabibu, lina nyongo!"

Waliokuwapo walishika mbavu. Ubaid naye alitabasamu, kwa sababu asiyetabasamu hapo amekiri. Alikwenda kuchukua ndoo akamwaga maji, na ule ukijani ukaenda kwa mfereji ukiwa mrefu na mzuri, kana kwamba watoto wamechora.

Kicheko alikimudu. Asichokimudu ni paka. Siku ya pili, alipotoka na ndoo yake mapema, alimkuta paka wa jirani, yule wa rangi ya chungwa mwenye sikio lililochanika, ameinama kwenye kile kidimbwi cha kijani, ulimi nje. Ubaid alipiga ukelele uliowaamsha watu madirishani. Paka alikimbia. Ubaid alibaki amesimama, ndoo mkononi.

Alikumbuka mbwa wa mlinzi kule Shimanzi, aliyeramba kulanti iliyomwagika, kwa kuwa ina utamu, na jinsi alivyokufa. Ilichukua muda mrefu na kila mtu langoni alimsikia. Mji wa Kale una paka wengi kuliko watu, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwapo barazani siku ile kuelezwa kwamba hili ni jasho.

Aliosha ndia kwa ndoo moja, kisha nyingine, kisha nyingine, mpaka mawe yakang'aa. Halafu akaingia ndani.

"Mwanakuu," alisema, "yule mtoto wa dada yako aliyeko Voi, si ulikuwa na mzigo wa kumpelekea?"

Mwanakuu alimtazama. Mzigo ulikuwa umekaa mlangoni siku nyingi, na kila alipoutaja aliambiwa kuna msongamano Mwembe Tayari, kwenye mabasi.

"Upo," alisema. "Nangojea gari."

"Basi vaa buibui. Nyuma ya stendi ya mabasi pana mtu nataka kumwamkia."

Mtu huyo alikuwa Charo. Alikuwa ameacha udereva zamani, miguu ikiwa imechoka na barabara, na sasa alikuwa na gereji ndogo uani nyuma ya hoteli moja ya Mwembe Tayari: bati juu, mafuta chini, na redio ya kwaya katikati. Ubaid alimchagua yeye kwa hesabu ndefu. Mafundi wa karibu wangelitangaza neno. Charo hakuwa na watu wa kuwatangazia Mji wa Kale. Hesabu hiyo ilisahau jambo moja tu, nalo ni Charo mwenyewe.

"Aisee!" Charo alisimama, spana mkononi. "Naota ama ni Mzee Ubaid wa lango? Karibu, karibu, mzee wangu! Na mama pia! Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Hujambo? Wa nyumbani hawajambo?" alijibu Mwanakuu kutoka kiti cha nyuma. Mzigo ulikuwa umekwisha kupandishwa basi, na yeye alikataa kushuka kwa sababu ya mafuta yale ya chini.

Walisalimiana kwa ukamilifu. Waliulizana watoto, afya, waliokufa na waliobaki. Kisha Charo akapangusa mikono.

"Haya, mzee. Gari lasumbua nini?"

"Halisumbui. Nimekuja kukuamkia. Lakini ukipenda, litazame tu, huku mbele."

Charo alilitazama gari, kisha akamtazama Ubaid, na uso wake ukaanza kufunguka polepole kama wa mtu aliyeokota kitu alichokipoteza miaka mingi. Aliingia ndani ya banda, akarudi na kipande cha katoni. Alipiga magoti, akakitandika chini ya injini iliyokuwa bado yanguruma.

"Mzee wangu," alisema, "pale hotelini chai ni nzuri. Nenda ukanywe."

"Charo."

"Nenda, mzee. Mimi nasimama hapa." Na akasimama kando, mikono nyuma.

Ubaid alikwenda. Aliporudi, Charo aliivuta katoni akaiinua kwa mikono miwili, kama mtu anayeonyesha picha ya harusi. Katikati palikuwa na matone, ya kijani, hayana mfano.

"Hili ni nini, mzee?"

Ubaid alijikuta akilitoa neno kabla hajafikiri. "Jasho."

"Ati?"

"Latoka jasho."

Charo alicheka mpaka akaegemea bati. "Ee Mungu! Hilo neno ni langu! Mimi ndiye niliyelitunga, langoni pako, na wewe ukaniambia nini?"

Ubaid aliitazama katoni.

"Uliniambia chuma hakitoki jasho. Nikalala chini ya lori Krismasi nzima, mzee, watoto wananingoja Kaloleni. Sasa mimi ni fundi wa magari yanayovuja. Magari yanayotoka jasho siyawezi." Alisema kwa kicheko, lakini mikono yake haikuondoka nyuma. "Sema tu, nianze kazi. Gari lafanya nini?"

Ubaid alitazama nyuma yake. Kwenye dirisha la gari, Mwanakuu alikuwa akitazama mbele kwa makini makubwa, kama mtu asiyesikia. Alimfikiria Ummukulthum, na kiapo, na magharibi. Kisha alimfikiria paka wa rangi ya chungwa na ulimi wake.

"Lavuja," alisema chini chini.

"Sikusikia, mzee. Miaka ya malori imeniharibu masikio."

"Lavuja!" Ubaid alisema, kwa sauti ile ile ya langoni, iliyovuka ua mzima, na mpishi wa hoteli akachungulia kutazama ni lori la nani lililorudishwa.

Charo aliinamisha kichwa. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Ahsante, mzee," alisema, na akaizima injini.

Waliiacha ipoe kwanza, kwani kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kwa pupa. Ilipopoa, Charo alichota kiasi cha kulanti kwenye beseni, akalifunika na kuliweka juu, mbali na wanyama, kisha akaingiza mkono. Alitoka na kipande cha kikoi kilicholowa.

"Na hii bandeji?"

"Kitambaa," alisema Ubaid kwa heshima zote alizobakiwa nazo. "Cha kulifutia jasho."

Charo alikitundika ukutani, msumarini, akaendelea. Alilegeza klipu ya zamani iliyoliwa na kutu, akauvuta mpira, akaukunja kwa kidole. Ufa ulifunguka kama mdomo wa kombe la baharini. Nyuma yake mpira ulikuwa bado laini na mzima.

"Wajua huu waenda wapi, mzee?"

"Kwenye hita."

"Hita ya kumpashia mtu joto garini. Umepata kuiwasha hapa Mombasa?"

"Sijapata."

"Basi gari lako limelia miezi yote hii kwa ajili ya baridi ya Japani."

Kwa wembe aliikata ile ncha mbovu, kiasi cha upana wa kidole, kwa sababu mpira ulikuwa na urefu wa kuazima. Akasugua mdomo wa bomba la chuma mpaka kutu ikatoka, akausukuma mpira mpaka ukagota, akavisha klipu mpya na kuikaza kwa bisibisi: si kwa nguvu ya kuuma, bali kwa nguvu ya kushika. Akairudisha kulanti, akawasha injini kifuniko kikiwa wazi ili hewa itoke, akaongeza kidogo, akafunga. Kazi yote haikuzidi urefu wa nyimbo chache za kwaya. Ubaid alikuwa ameikimbia tangu kabla ya mvua za vuli.

Kisha Charo alitandika katoni nyingine, kavu, akampisha.

"Kagua, mzee. Hii ni kazi yako."

Ubaid alisimama mikono nyuma, kimya, injini ikinguruma. Alipoona yatosha, aliivuta katoni, akaigeuza kwenye mwanga, huku na huku. Ilikuwa kavu. Aliinua mkono.

"Lango!" Charo alipiga kelele, na kukimbia kulifungua.

Wakatoka. Mshale wa joto ulikaa katikati bila kutikisika, na gari lilikwenda kama halijapata kwenda. Walikuwa wamefika karibu na nyumbani Mwanakuu alipofungua kinywa.

"Nimesikia," alisema.

"Najua."

"Ulisema wallahi."

"Najua, Mwanakuu."

Hivi ndivyo ilivyotokea kwamba siku gari lilipopona ndiyo siku lililopaswa kuuzwa. Ubaid hakujitafutia njia. Angeweza kusema kwamba halivuji tena. Mdomo wake, ambao kwa miezi mingi ulikuwa hodari wa maneno kama hayo, siku hiyo ulikataa. Alimpigia simu Ummukulthum akamwambia, "Mwanangu, lilikuwa lavuja. Tangu zamani." Kisha akaenda barazani akamwambia Badawi amtafutie mnunuzi kabla ya magharibi.

Badawi alikuwa na dhihaka tayari mdomoni, lakini aliimeza. "Leo?" aliuliza. "Na macho yangu je? Miadi ni kesho." Aliposikia alichosema aliona haya, akajishughulisha na kuwapangusa twiga vumbi. Watu wa barazani walikunywa kahawa bila neno. Ilidhihirika kwamba jina la Jasho walilipenda kwa sababu gari lilikuwapo.

Baada ya alasiri Ummukulthum alifika kutoka kazini. Alikuwa ameshinda, na alikaa kwenye kiti kama aliyeshindwa. Alimtazama baba yake, aliyekuwa ameweka ufunguo juu ya meza, mbele ya sahani ya halua, na ambaye kwa mara ya kwanza alionekana ana umri wake.

"Baba," alisema, "si lazima iwe leo."

"Niliapa leo."

Badawi alikuwapo pia, kwa kazi ya shahidi, na kwa kuwa huzuni ilikuwa nyingi alikuwa akijiliwaza kwa halua. Mwanakuu alitoka jikoni na birika ya kahawa. Aliiweka chini, akakaa, akajifunga mtandio vizuri.

"Wewe wauza gari?" alimwuliza mumewe.

"Naliuza."

"Nalinunua."

Badawi alisimamisha tonge la halua hewani.

"Mama," alisema Ummukulthum, "wewe hujui kuendesha."

"Na huyu Badawi ajua kuchonga?"

Badawi, aliyeuza vinyago maisha yake yote na hakupata kushika tezo, aliona ni busara asijibu.

"Baba yako aliapa atauza," Mwanakuu aliendelea. "Sikumsikia akiapa atamuuzia nani. Badawi, ulisikia?"

"Sikusikia," alisema Badawi, na macho yake mabovu yakang'aa. "Wallahi sikusikia. Lakini mauzo hayaswihi bila thamani, Bi Mwanakuu. Watoa nini?"

Mwanakuu aliisukuma mbele sahani iliyokuwa mezani. "Halua hii. Nimeipika mwenyewe."

"Lahaula! Thamani yenyewe nimekwisha kuila nusu!"

"Basi wewe ndiwe dalali, na hiyo ndiyo sehemu yako. Ubaid, tamka."

Ubaid alimtazama mke wake. Aliona birika ya kunawia na kikoi kilichochanwa, na kimya chote kile, vyote vikiwa vimewekwa akiba kwa siku hii. Akaushika ufunguo.

"Nimekuuzia gari langu kwa halua hii."

"Nimelinunua na nimelikubali. Nipe."

Ummukulthum alikuwa amejifunika uso kwa mikono, mabega yakimtikisika. Mama yake alidhani analia, akamgusa, akakuta ni kicheko. Magharibi ilikuwa haijaadhiniwa.

"Sasa sikilizeni sharti la mwenye gari," alisema Mwanakuu. "Wewe, Ubaid, ni dereva wangu. Kila asubuhi kabla ya kutoka utatandika katoni, na utaniletea niione mimi. Likiwa na tone, hatutoki, nami nitampigia huyu mtoto simu. Jasho nisilisikie tena humu ndani."

"Sawa, bibi," alisema dereva.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo hata sasa. Jina halikubadilika, kwani majina hayana klipu ya kukazwa, ila Badawi huongeza kwamba gari la Bi Mwanakuu halina neno. Wa kutoka jasho siku hizi ni dereva. Vipande viwili vitatu vya katoni hukaa nyuma ya mlango wa nyumba, na wenye maduka wa Ndia Kuu humwekea vingine bila kuombwa.

Asubuhi Ubaid hutoka baada ya sala, akawasha injini, akatandika. Paka wa rangi ya chungwa huja akakaa karibu, kwa mazoea. Ubaid husimama mikono nyuma, akalitazama gari la mtu mwingine kwa ukali ule ule wa Shimanzi. Kisha huinama, goti moja kwanza, akaivuta katoni na kuinyanyua dirishani, ambako Mwanakuu amekwisha kusimama nyuma ya pazia. Huigeuza upande mmoja, kisha wa pili. Mkono wa Mwanakuu huinuka. Ubaid huikunja katoni mara mbili, akaitia kwenye buti la gari, na kulifunga.